Treni ya Kwanza ya Mtoto: Mchezo Ni wa Nani?

Seti ya kwanza ya treni ya kuchezea huchaguliwa na mtu ambaye si yeye atakayeichezea. Mzazi, babu au shangazi ndiye anayesoma maandishi ya kwenye boksi, analinganisha bei na kulipa; mtoto huletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Ndivyo zilivyo zawadi nyingi za watoto, lakini kwa treni jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu seti ya treni si kitu kimoja. Ndani ya boksi mna kichwa cha treni, mabehewa mawili matatu, vipande vya reli, na mara nyingi kifaa cha kuendeshea. Vikishaunganishwa huwa mfumo wenye kanuni zake: wapi treni inaweza kupita na wapi haiwezi, nani aiwashe na nani aizime, nini kinaweza kuongezwa baadaye na nini hakitaingiliana kamwe. Anayechagua seti huchagua pia kiasi cha uamuzi kitakachobaki mikononi mwa mtoto. Hapo ndipo duka la vitu vya kuchezea linapokutana na swali la kale la falsafa ya malezi: mchezo wa mtoto ni wake mwenyewe, au ni wa mtu mzima anayemwandaa kwa maisha?

Treni za bati na mbao zilikuwepo tangu siku za mwanzo za reli zenyewe, zikiuzwa mojamoja na kusukumwa sakafuni. Seti kama inavyofahamika leo ilitoka Ujerumani. Kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa mwaka 1859 katika mji wa Göppingen, ilianza kwa kutengeneza kwa bati vyombo vya jikoni vya wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, ilileta treni ya springi, ya kukazwa kwa ufunguo, ikiwa na jambo jipya: reli zake zilifuata vipimo maalumu, hivyo mnunuzi angeweza kurudi dukani mwaka uliofuata, akanunua vipande vingine vikaungana na vya mwanzo. Kwa seti hiyo mtoto alipewa kitu ambacho tangu siku ya kwanza kilijulikana kuwa hakijakamilika.

Zawadi ya namna hiyo inamfunga mtoaji. Anayempa mtoto duara la reli na kumwambia kwamba litakua ametoa ahadi, na mtoto huikumbuka ahadi kuliko anavyoikumbuka bei. Kwa upande mmoja jambo hili ni jema sana: mtoto hujifunza kwamba kutamani kuna mpangilio wake, na kwamba daraja la mwaka ujao linaweza kuchorwa kwenye karatasi mwaka huu. Kwa upande mwingine lina hatari ya mchezo kugeuka kuwa ununuzi usiokoma, macho ya mtoto yakahama kutoka sakafuni kwenda kwenye katalogi. Kipimo kizuri kabla ya kulipa ni kuuliza kama kilichomo kwenye boksi kingetosha kuchezewa hata kama kisingeongezwa chochote tena. Seti nyingi za bei ya chini hushindwa hapo. Zina kichwa cha treni chenye rangi ya kuvutia na reli ya umbo la yai, basi. Treni ikishazunguka mara kumi hakuna la kuamua. Jozi moja ya swichi za njia na kipande kifupi cha reli ya pembeni, ambako behewa linaweza kuachwa na kurudiwa, vina thamani kubwa kuliko kichwa kikubwa zaidi cha treni. Mnunuzi mwenye fedha za kimoja tu kati ya hivyo viwili achukue swichi.

Kwa nini basi vichwa vikubwa huuzika zaidi? Historia ya Marekani inatoa jibu. Mjini New York, mwaka 1900, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel. Treni yake ya kwanza ya umeme haikukusudiwa watoto: ilikuwa behewa la wazi lililotembea kwenye reli ndani ya dirisha la duka, likibeba bidhaa ili wapita njia wasimame watazame. Waliosimama walitaka kununua treni, si bidhaa. Tangu mwanzo, basi, treni ya umeme iliundwa ili imnase mtu mzima aliye nje ya kioo. Matangazo ya miaka mingi iliyofuata yalimwonyesha baba na mwana wakiwa wamepiga magoti mbele ya reli, na si rahisi kusema ni nani kati yao aliyekuwa mteja. Wasichana hawakuwa kwenye picha hiyo ila kwa nadra. Mwaka 1957 Lionel ilijaribu kuwapata kwa kutoa treni yenye kichwa cha rangi ya waridi na mabehewa ya rangi laini, haikuuzika. Waliounda treni hiyo walikuwa wamejiuliza wasichana wanafanana na nini, hawakujiuliza mtoto anataka kufanya nini na treni. Msichana aliyevutiwa na reli alitaka kile kile alichotaka kaka yake, yaani treni inayofanana na ile aliyoiona stesheni.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliandika kitabu kizima juu ya kutoa na kupokea fadhila. Miongoni mwa mashauri yake ni kwamba zawadi impatie mpokeaji kinachomfaa yeye, katika hali yake na wakati wake: mtu hapelekewi nguo za baridi katikati ya kiangazi, wala mtu wa shamba asiyesoma hapelekewi vitabu. Shauri hili linaonekana la wazi mno hadi pale linapohusu mtoto. Kwa mtoto, mtoaji hushawishika kutoa kwa ajili ya yule atakayekuwa: treni ya mtoto wa miaka kumi hupewa wa miaka minne, kwa hoja kwamba ataikuta akikua. Lakini mtoto wa miaka minne yupo sasa, na anachopata sasa ni boksi zuri asiloruhusiwa kuligusa.

Tofauti ya umri inaonekana kwanza kwenye vidole. Kipimo kinachoenea zaidi duniani kwa treni za umeme za nyumbani ni 1 kwa 87, ambapo reli mbili huachana kwa milimita 16.5. Ili behewa lisimame sawasawa, kila gurudumu linapaswa kukaa juu ya reli huku ukingo wake mwembamba, wenye kina cha kama milimita 1, ukiingia upande wa ndani. Behewa lenye magurudumu manane lina kingo nane za kuwekwa mahali pake kwa pamoja. Mtoto wa miaka minne huliweka behewa kwa kiganja kizima, hulisukuma chini, huona limesimama, kumbe magurudumu mawili ya nyuma yako kwenye mataruma. Treni ikianza hutoka relini kwenye kona ya kwanza. Baada ya mara tatu humwita mtu mzima. Mtu mzima hulipanga, treni huenda, na tangu hapo mchezo una mlinzi. Kwenye kipimo cha 1 kwa 160, ambacho reli zake huachana kwa milimita 9 tu, hata mikono ya mtu mzima hutulizwa kwanza. Ndiyo maana seti za kuanzia za 1 kwa 87 kwa kawaida huandikwa miaka sita au minane kwenda juu, na modeli zenye viungo vyote vidogo huandikwa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Namba hizo si za usalama peke yake, ingawa onyo la vipande vidogo kwa walio chini ya miaka mitatu lichukuliwe kwa uzito wote; zinaeleza pia ni lini mtoto ataweza kucheza bila kuomba msaada kila dakika.

Treni ya mbao haina mlinzi. Kampuni ya Brio ya Sweden ilianza kuuza reli za mbao katika miaka ya 1950, na umbo lake limeigwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba vipande vya kampuni mbalimbali mara nyingi huungana. Magurudumu hutembea ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye ubao, mabehewa hushikana kwa sumaku, na reli huunganishwa kwa kichwa cha duara kinachoingia kwenye tundu. Kona kubwa moja hugeuka nyuzi 45, kwa hiyo kona nane hufunga duara. Mtoto haambiwi hesabu hiyo, huikuta sakafuni. Akiwa na kona saba, pengo linabaki. Akiongeza kipande kilichonyooka upande mmoja bila kuongeza upande wa pili, ncha mbili zinapishana. Akitaka umbo la nane, lenye njia panda katikati, atahitaji kona kumi na mbili. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitaka vifaa vya kujifunzia viwe na uwezo wa kumwonyesha mtoto kosa lake bila mwalimu kusema neno. Yeye hakuwa akifikiria treni, lakini reli isiyofunga ni mfano kamili wa alichokitaka.

Reli ya mbao ina sifa nyingine inayostahili kuthaminiwa kuliko inavyothaminiwa. Viungo vyake vimelegea kidogo kwa makusudi. Mzunguko uliokosewa kwa nusu sentimita huvutwa huku na huku hadi ukafunga, na treni hupita. Reli ya chuma yenye umeme haisamehe hivyo: pengo dogo hukata mkondo, kiungo kilichopinda hutoa treni relini. Ukali huo nao una thamani yake, kwani humfundisha mtoto mkubwa kwamba kuna kazi ambazo karibu sawa ndani yake si sawa. Lakini mpangilio una maana. Mtoto aliyeanza na kifaa kinachosamehe hupata kwanza ujasiri wa kujenga, kisha huwa tayari kupokea masharti magumu. Aliyeanza na masharti magumu mara nyingi hujifunza jambo moja tu, kwamba hawezi.

Swali la injini linafuata hapo hapo. John Locke, katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1693, alishauri watoto wasilundikiwe vitu vya kuchezea na wajitengenezee wenyewe kadiri wanavyoweza. Vya kununuliwa viwe vile ambavyo hawawezi kuvitengeneza na ambavyo havichezeki bila jitihada, kama pia. Kwa kipimo cha Locke, treni inayojiendesha yenyewe ina kasoro kubwa. Betri ikishaingia, mtoto huwa mtazamaji wa kazi inayofanywa na mota. Treni ya kusukuma, kinyume chake, haiendi popote bila nia ya mtoto: yeye ndiye dereva, ndiye mlio wa honi, ndiye mteremko na breki. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, hoja hii inatosha kuamua. Mota inapata haki yake baadaye, pale udadisi unapohama kutoka kwenye kusukuma kwenda kwenye kuongoza, mtoto anapotaka treni iende polepole ikikaribia stesheni na isimame mahali alipopachagua. Kwa umri huo kifaa cha kuendeshea chenye kurekebisha mwendo taratibu ni sharti. Chenye vitufe viwili tu vya kuwasha na kuzima humrudisha mtoto kwenye kutazama.

Je, boksi liamue kiasi gani cha mchezo? Majibu mawili yenye nguvu yanapingana. Plato, katika kitabu cha Sheria, anasema anayetarajiwa kuwa mjenzi mzuri acheze tangu utotoni kwa kujenga nyumba ndogo, na wanaomlea wampe vifaa vidogo vinavyofanana na vya kweli. Mchezo humwelekeza mtoto kwenye kazi yake ya ukubwani. Katika sehemu nyingine ya kitabu hicho anaonya kwamba michezo ya watoto isibadilishwebadilishwe, kwa kuwa watoto wanaozoea kugeuza kanuni za mchezo watakua watu wanaotaka kugeuza sheria za mji. Plato angependa seti yenye mchoro wa mpangilio mmoja sahihi. Roland Barthes, Mfaransa aliyechapisha Mythologies mwaka 1957, alilalamikia jambo hilo hilo kutoka upande wa pili. Vitu vya kuchezea vya nchi yake, aliona, vilikuwa dunia ya wakubwa iliyopunguzwa kimo: jeshi, posta, hospitali, usafiri. Mtoto aliyepewa dunia iliyokwisha tengenezwa huwa mmiliki na mtumiaji wake, hapati kuwa muumbaji. Barthes alitofautisha na hali hiyo vipande vya mbao vya kujengea, ambavyo havimwambii mtoto viwe nini.

Treni iko katikati ya wawili hawa, na hapo ndipo ugumu na utamu wake ulipo. Kichwa cha treni ni dunia ya wakubwa iliyopunguzwa, hakuna ubishi. Reli, hata hivyo, ni vipande vya kujengea. Seti nzuri ina uzito mkubwa upande wa reli. Hatari huongezeka pale treni inapokuja na hadithi yake tayari. Mchungaji wa Kanisa la Anglikana, Wilbert Awdry, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1940 kumsimulia mwanawe Christopher habari za vichwa vya treni vyenye nyuso, mtoto huyo alipokuwa mgonjwa wa surua. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945. Thomas, aliye maarufu kuliko wote, alitokana na treni ya mbao ambayo baba huyo alimtengenezea mwanawe kwa mabaki ya vifaa, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimefanya kila kitu kuwa adimu. Alikusudia kutengeneza kichwa kikubwa zaidi, vifaa havikutosha. Leo mtoto hupokea Thomas akiwa na jina, tabia, marafiki na makosa yake yote yamekwisha andikwa, na hadithi hizo hupima wema kwa manufaa ya kila kichwa kwa wakubwa wa reli. Si hadithi mbaya, lakini aliyefaidika zaidi ni Christopher, kwa sababu alipewa kipande cha mbao ambacho hadithi zake zilikuwa hazijaandikwa.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamefika mahali hapo bila duka: magari ya waya na makopo, yenye magurudumu yaliyokatwa kutoka kwenye ndara kuukuu na usukani mrefu wa kuongozea kwa kusimama. Aliyelitengeneza gari hilo anajua ekseli ni nini, kwani iliwahi kumpindia. Hakuna sababu ya kumnyima mtoto treni ya dukani kwa jina la kumbukumbu hizo, ila kuna sababu ya kutonunua kila kitu. Stesheni, daraja, handaki na godauni vinaweza kutoka kwenye maboksi ya viatu na mabaki ya mbao. Mnunuzi anayeacha majengo ya plastiki dukani na kuongeza reli kwa fedha hiyo hiyo atakuwa amemsikiliza Locke na Barthes kwa pamoja.

Bado kuna swali la ukweli. Wapenzi wa modeli huzungumza sana juu ya uhalisia, na mzazi anaweza kuamini kwamba treni iliyo sahihi zaidi ndiyo bora zaidi. Hesabu inaonyesha kwamba uhalisia kamili hauwezekani chumbani. Reli ya kweli ya milimita 1,435, upana wa reli za SGR za Kenya na Tanzania, ikigawanywa kwa 87 hutoa zile milimita 16.5, hapo modeli inasema kweli. Lakini kilomita moja kwa kipimo hicho ni mita 11 na nusu, kwa hiyo chumba cha mita nne hakifikishi mita 350 za nchi halisi. Kona ya kawaida ya seti ya kuanzia ina nusu kipenyo cha sentimita 36 hivi, sawa na mita 31 za kweli, ambapo treni ya abiria ya njia kuu isingeweza kugeuka kabisa. Mwendo nao: kilomita 100 kwa saa huwa sentimita 32 hivi kwa sekunde, mwendo ambao watoto wengi huuona wa kuchosha, wakaufanya mara tatu. Urefu unaweza kugawanywa kwa 87, lakini sekunde ya chumbani ni ile ile ya stesheni. Modeli lazima ichague iwe mwaminifu kwa nini, na kwa mtoto uaminifu unaofaa ni wa matendo: kwamba treni hufuata njia, kwamba mbili haziwezi kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwamba behewa la mwisho huachwa kwa kufunguliwa si kwa kunyanyuliwa hewani. Rangi sahihi ya vitasa vya milango inaweza kungoja.

Katika nyumba za Waislamu huongezeka swali la sanamu, kwa kuwa stesheni ya dukani huja na abiria wadogo wenye urefu wa sentimita mbili. Treni yenyewe haina tatizo, kwani haina roho. Kuhusu sura za watu, mafakihi wengi waliokataza sanamu za viumbe hai walivitoa vitu vya kuchezea vya watoto katika katazo hilo, wakitegemea mapokezi juu ya Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume aliona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, akamuuliza vipi farasi awe na mbawa. Aisha akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa, naye Mtume akacheka. Katika mapokezi hayo mtoto ndiye aliyepewa nafasi ya kueleza mchezo wake maana yake, na mtu mzima alikuwa muulizaji.

Juu ya kazi ya mchezo wenyewe, dini mbili kubwa za Afrika Mashariki zina walimu waliosema kwa uwazi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishauri mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza vizuri, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili na hupumzishwa kwa mchezo, hata akahesabu kukosa mchezo kabisa kuwa kasoro. Wote wawili bado wanauweka mchezo chini ya kitu kingine, masomo au kazi, kama alivyofanya Aristotle kabla yao. Mholanzi Johan Huizinga, mwaka 1938, alikwenda mbali zaidi akasema mchezo ni wa zamani kuliko utamaduni na una lengo lake ndani yake wenyewe. Mzazi anayenunua treni ili mtoto awe mhandisi anasimama na Plato, na si kosa, lakini amtazame mtoto aliyelaza shavu sakafuni ili aione treni ikimjia kwa usawa wa jicho. Mtoto huyo hafanyi mazoezi ya chochote.

Hatimaye mtoto ataifungua treni aone kilichomo ndani. Charles Baudelaire, katika insha yake juu ya vitu vya kuchezea ya mwaka 1853, aliona kwamba watoto wengi hutaka hatimaye kuiona roho ya kitu cha kuchezea, wakakitikisa, wakakigonga, mwisho wakakivunja. Mtoaji asiyekubali jambo hilo asitoe treni. Anayelikubali achague kitu kinachofunguka kwa skrubu badala ya kilichofungwa kwa gundi, chenye vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja: brashi za mota, magurudumu, viungo. Vumbi, nywele za zulia na kutu ya reli ndivyo vinavyosimamisha treni nyingi za umeme. Kusafisha magurudumu kwa kitambaa ni kazi ambayo mtoto wa miaka saba anaiweza akiwa na mtu pembeni. Umeme unaofika kwenye reli ni mdogo, na kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu kitu cha kuchezea kizidi volti 24, lakini transfoma yenyewe imechomekwa ukutani. Kifuniko chake hakifunguliwi na mtoto. Kila kingine kinaweza kufunguliwa.

Inabaki haki ya umiliki, na hapa sheria za kale hazikubaliani. Katika sheria ya Kirumi mtoto aliye chini ya mamlaka ya baba hakuwa na mali yake. Alichopewa kilikuwa cha baba, yeye akiachiwa kukitumia. Katika fikihi ya Kiislamu, hiba, yaani zawadi, iliyotolewa kwa mtoto mdogo na kupokelewa kwa niaba yake huwa mali ya mtoto, na walii ni mwangalizi tu. Kuna hadithi inayokataza mtu kurudia alichokitoa isipokuwa baba kwa alichompa mwanawe. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, yanampa baba ruhusa hiyo kwa masharti, Hanafi hawampi. Hata penye ruhusa, kuwa na haki ya kuirudisha zawadi si sababu ya kuirudisha. Baba anayeifungia treni kabatini kwa adhabu kila juma, au anayeipanga upya usiku ili ipendeze, ameichukua bila kutamka hivyo. Mali ya mtoto huweza kusimamiwa kwa awamu, kama Qurani inavyoelekeza juu ya mayatima kujaribiwa hadi uwezo wao uonekane: kwanza mtoto apange reli na mkubwa ashike kifaa cha mwendo, kisha washirikiane, kisha kifaa kihamie kabisa mikononi mwa mtoto.

Penye watoto zaidi ya mmoja, hadithi ya Nu'man bin Bashir ni ya lazima. Baba yake alimpa zawadi na kutaka Mtume awe shahidi. Mtume akauliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo, na alipojibiwa hapana, akakataa na kuamuru uadilifu baina ya watoto. Treni hutii amri hiyo kwa urahisi kuliko vitu vingine vya thamani yake, kwa kuwa reli ni za kuchangia. Kisichogawanyika ni kichwa cha treni. Nyumba yenye watoto wawili inahitaji vichwa viwili kabla ya daraja, kabla ya handaki na kabla ya stesheni, kila kimoja kikiwa na mwenyewe anayejulikana. Na vichwa viwili vikishakuwa kwenye mzunguko mmoja, ununuzi unaofuata ni jozi ya swichi, ili pawe na njia ya kupishana.